Huzuni Isiyoanua Matanga

Kuna vitabu ambavyo mtu huvipenda kabla hajavifungua, kwa kuwa sifa zake zimemtangulia. Kwangu mimi kitabu cha namna hiyo kilikuwa Wuthering Heights, riwaya ya pekee ya Emily Brontë wa Uingereza, iliyochapishwa mwezi wa Desemba 1847 kwa jina la kubuni la Ellis Bell, mwaka mmoja tu kabla mwandishi mwenyewe hajafariki akiwa na umri wa miaka 30. Tangu nilipokuwa mwanafunzi hapa Arua nilikuwa nikiwasikia walimu wa Kiingereza wakiitaja riwaya hiyo kwa unyenyekevu, kama watu wanaotaja jina la mzee aliyekwisha kutangulia. Walituambia kwamba hapana kitabu kilichopata kueleza mapenzi na msiba kwa nguvu kama hicho. Sikubahatika kukisoma wakati ule. Nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikaoa, nikazika wazazi wote wawili, na mvi zikaanza kuniingia ndipo nakala moja iliyochakaa ilipofika mikononi mwangu kutoka kwa muuza vitabu vya zamani karibu na soko. Nilikisoma kwa siku nne. Nilipokifunga nilikuwa na masikitiko, wala si masikitiko yale aliyoyakusudia mwandishi.

Kwa faida ya wale ambao hawajakisoma, nitaeleza kisa chake kwa ufupi. Mzee Earnshaw anamwokota mtoto asiye na wake mjini Liverpool, anamleta nyumbani kwake katika nyika za kaskazini ya Uingereza na kumpa jina la Heathcliff. Mtoto huyo na Catherine, binti wa mzee, wanapendana tangu utotoni. Mzee anapokufa, Hindley, kaka yake Catherine, anamshusha Heathcliff hadi daraja ya mtumishi. Catherine naye, ingawa moyo wake uko kwa Heathcliff, anachagua kuolewa na Edgar Linton, kijana wa ukoo wenye mali na heshima. Heathcliff anatoroka, anarudi baada ya miaka mitatu akiwa na fedha, na haupiti muda mrefu Catherine anafariki saa chache baada ya kujifungua mtoto wa kike. Hapo tumefika karibu nusu ya kitabu tu. Nusu iliyobaki ni miaka ipatayo kumi na minane ya huzuni ya Heathcliff.

Huzuni hiyo ndiyo inayosifiwa. Siku ile ile aliyozikwa Catherine, usiku, Heathcliff anakwenda makaburini na sepeto kufukua. Miaka mingi baadaye, kaburi la Edgar linapochimbwa, anamwamuru mchimba makaburi aondoe udongo juu ya jeneza la Catherine, analifungua ili autazame uso wake, tena anamhonga mtu yule ili siku atakapozikwa yeye mwenyewe mbao za ubavuni ziondolewe, wapate kuchanganyika mavumbi yao. Lakini huzuni hiyo hiyo ina kazi nyingine mchana. Hindley anapokonywa mali kwa kamari na rehani. Akiisha kufa, mwanawe mdogo, Hareton, anabaki chini ya Heathcliff, naye anamlea kwa makusudi bila kumfundisha kusoma wala kuandika, awe mtumishi asiye na mshahara katika nyumba iliyokuwa ya baba yake. Binti wa Catherine anafungiwa ndani, huku baba yake yu katika kukata roho, mpaka akubali kuolewa na mwana wa Heathcliff, kijana aliyekwisha kuwa mahututi, ili mali ya akina Linton nayo ibadili mikono.

Sikitiko langu halikutokana na ukatili uliomo. Mwalimu wa fasihi hawezi kuogopa ukatili. Akiuogopa na aache kazi. Wala halikutokana na fani, maana kwa upande wa fani kitabu ni cha ustadi mkubwa: kisa kinasimuliwa na mtumishi wa nyumba, Nelly Dean, kwa mpangaji mgeni, Lockwood, naye Lockwood ndiye anayetusimulia sisi, kwa hiyo tunasikia kila jambo kupitia midomo miwili, na kila mdomo una upofu wake. Kilichonisikitisha ni ile hukumu inayofuatana na kitabu kokote kiendako, kwamba haya ndiyo mapenzi ya kweli, na kwamba sisi tunaolia siku kadhaa, tukafagia ua, tukarudi shambani, tunapenda kwa kiasi cha watu wadogo. Nilijiuliza swali ambalo ningependa kuwawekea walimu wenzangu: je, ukubwa wa huzuni ndio kipimo cha ukubwa wa mapenzi?

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mapenzi. Tuna pendo, mapenzi, mahaba, huba, nyonda, shauku na ashiki, na washairi wameyatumia yote mpaka mengine yamechakaa. Tunalo pia neno majinuni. Asili yake ni Kiarabu, maana yake aliyepagawa na jini, na ndilo jina la utani alilopewa Kais, yule kijana aliyempenda Laila akakimbilia jangwani kukaa na wanyama. Kisa chake kiliimbwa na Waarabu kabla Nizami hajakitunga kwa Kiajemi mwaka 1188. Huko jina hilo limekuwa la sifa. Kwetu, mtu akiitwa majinuni hajasifiwa. Neno limevuka bahari, lakini taji lake limeachwa forodhani.

Kwa upande wa msiba maneno ni mengi zaidi, na jambo la ajabu ni kwamba karibu yote yana wakati ndani yake. Kilio ni cha siku ya kwanza. Rambirambi na taazia huletwa na kupokewa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na akiwa katika eda huitwa kizuka. Kwa maiti mwingine yeyote sheria humruhusu kuomboleza siku tatu. Na kuna matanga. Watu hukaa matanga, hulala matanga, kisha huanua matanga. Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba kuanua ni kinyume cha kuanika, mfano mzuri wa kauli ya kutendua. Tunaanua nguo kambani, tunaanua mpunga juani jioni inapoingia au mvua inapotanda. Aliyeyatunga maneno haya aliuona msiba kama kitu kilichotandazwa uani mbele ya macho ya watu wote, ambacho mwishowe mikono mingi hukikunja na kukiingiza ndani. Hakikutupwa. Kimeingizwa ndani.

Kwa watu wa West Nile jambo hili halihitaji kamusi. Walugbara wa Arua huzika wafu wao nyumbani, na mtoto hukua akicheza kando ya kaburi la babu. John Middleton, Mwingereza aliyekaa miongoni mwa Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu ya dini yao mwaka 1960, aliona kwamba katika mila zao zote hapana zilizo kubwa na ndefu kama zile za mazishi, pamoja na ngoma zake. Mgeni huweza kushangaa kuona watu wakicheza ngoma penye kifo. Lakini ngoma ile ina zamu, ina safu za wajomba na shemeji, na kila mmoja ana mahali pake pa kusimama. Ndivyo ilivyo pia kule Koboko, kwa Wakakwa na Wanubi, ambako Uislamu una mizizi mirefu na tamko la eda linajulikana na kila mtoto wa kike. Hapana anayeachiwa huzuni yake peke yake aifanye atakavyo.

Mfano niliokuwa nao kichwani siku zote nilipokuwa nikisoma juu ya Heathcliff ni ule wa mjomba wangu. Wasomaji vijana labda hawajui yaliyotupata. Serikali ya Idi Amin ilianguka mwezi wa Aprili 1979. Mwezi wa Oktoba 1980 mapigano yakarudi West Nile kwa nguvu, na watu wengi wa Arua na Koboko wakakimbilia Sudan na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa humo humo misheni. Hata leo siku hiyo hukumbukwa. Mjomba alikuwa amekwisha kuvuka. Mkewe alifia ng'ambo mwaka uliofuata, kwa maradhi ambayo nyumbani yangetibika, akazikwa chini ya mwembe wa watu wengine.

Kwa Mlugbara kuzikwa mbali na nyumbani ni jambo zito. Mjomba aliporudi mwaka 1986, aliukuta ua umekuwa msitu. Kabla hajajenga nyumba alipima mahali penye urefu wa mtu, akapazungushia mawe, akasema, "Hapa ndipo pake." Hakuna aliyezikwa pale hata leo. Baadaye alioa mke wa pili, kwa kuwa watoto walikuwa wanne na mdogo wao alikuwa hajaota meno yote. Yule mke wa pili ndiye aliyekuwa akifagia mahali pale penye mawe kila asubuhi, kabla hata ya mlango wake mwenyewe. Hapana aliyemwagiza. Kila mwaka, mazao yakiisha kuvunwa, mjomba alivuka mpaka pamoja na watoto kwenda kupalilia kaburi la kweli chini ya mwembe, akirudi na maembe kama yapo. Huyu, nilijisemea, amempenda marehemu, na watoto wake wote wanne wamesoma.

Katika maandishi yetu nilimwona mwingine wa namna hiyo. Shaaban Robert (1909–1962) alifiwa na mkewe Amina, akatunga shairi kwa jina lake, nalo limo katika kitabu cha Maisha Yangu. Wengi wenu mmelihifadhi kwa moyo. Humo marehemu amefananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua, na mshairi anamwombea dua na kuthibitisha kwamba fundo la mapenzi yao halitafunguliwa na mtu. Ni maneno mazito kuliko yale anayoyasema Heathcliff, ingawa sauti yake ni ya chini. Lakini nataka kukumbusha jambo ambalo wahakiki hulipita haraka: katika maandishi hayo hayo ya maisha yake mna tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Mtu aliyefiwa ameketi na kuwaandikia watoto namna ya kuishi. Alioa tena. Hapana msomaji wa Kiswahili aliyewahi kusema kwamba kwa kuoa tena alimpunguzia Amina kitu.

Ulinganisho ulinijia wenyewe, na nilifurahi nao mno. Wanaume wawili wamefiwa. Mmoja anawaandikia watoto, mwingine anamnyima mtoto herufi. Nikaona nimekwisha kupata makala ya jarida letu.

Kwa kuwa nilikuwa na haja ya kwenda Koboko, nilichukua kitabu pamoja na kurasa zangu za kwanza ili nimsomee mwalimu mmoja mstaafu ambaye walimu wengi wa upande huu tumepita mikononi mwake. Sitamtaja jina, kwani hataki. Sote tunamwita Hajati. Siku hizi safari ni nyepesi, lami ya kutoka Vurra hadi Oraba inapita Arua na Koboko, na gari la abiria hufika kabla mtu hajamaliza mazungumzo na jirani yake. Nyumbani kwa Hajati huzungumzwa Kikakwa na Kinubi. Na mimi huzungumza Kiswahili, akinisahihisha. (Ni yeye aliyeniambia zamani kwamba Kiswahili cha West Nile kililelewa kambini, kikajifunza amri kabla ya kujifunza kubembeleza, ndiyo maana sisi walimu tuna kazi ya ziada. Baraza la Mawaziri liliposema mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima mashuleni, alicheka, akasema angalau safari hii kinakuja na chaki.)

Alinisikiliza mpaka mwisho. Riwaya yenyewe alikuwa ameisoma zamani na aliikumbuka vizuri kuliko mimi. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hayo matanga unayoyasifu, huanza lini?"

Nikajibu, "Huanza maiti anapozikwa, Hajati."

Akasema, "Mume wangu alitoka asubuhi mwezi wa Oktoba 1980 kwenda kutazama njia kama iko salama. Hakurudi. Sikuona mwili, sikuona hata kiatu. Sasa nihesabie wewe. Eda yangu niianze siku gani?"

Sikuwa na jawabu. Akaendelea kunieleza, bila kupandisha sauti, kwamba aliwauliza mashehe watatu, wawili ng'ambo na mmoja baada ya kurudi, na kila mmoja alimpa hesabu yake: mmoja alimwambia asubiri, mwingine alimwambia angojee habari ya yakini, wa tatu alimwambia hakimu ndiye mwenye kuamua, na wakati ule hakimu hakuwapo. Hakuna mtu aliyeleta rambirambi, kwa kuwa kuleta rambirambi kungekuwa kumwua mtu mara ya pili. Alilea watoto, akafundisha darasa kwa miaka ishirini na kitu. "Usiniambie huzuni ina mpaka," akasema. "Mpaka ni wa wenye maiti. Na tena, mwanangu, tazama vizuri ni nani wanaoipenda mipaka hiyo. Mjomba wako alioa watu wakamshangilia. Mimi nilipolia mwaka wa tatu waliniambia nina wazimu."

Ndugu wasomaji, nilirudi Arua jioni ile na kurasa zangu zikiwa zimekunjwa mfukoni. Nilijua amenikuta mahali penye udhaifu. Mila zetu na sheria zetu zina hekima, nami siikani. Lakini uzito wake hauwaangukii wote sawasawa. Mwanamume hana eda. Mjane katika vijiji vyetu aghalabu alikuwa akingojewa na ndugu wa marehemu, naye alikuwa akihesabiwa siku, siku za kumrudisha kazini. Inawezekana kabisa kwamba yule anayeyasifu matanga kwa kuwa yana mwisho anasifu tu kimya ambacho kitamwacha alale. Nilijiuliza kama hasira yangu juu ya Heathcliff haikuwa hasira ya mtu asiyependa kusumbuliwa na kilio cha jirani.

Kwa hiyo nilikisoma kitabu mara ya pili, na safari hii nilitazama jambo moja tu: msibani, kila mtu amesimama wapi? Nikaona nililolipita mara ya kwanza. Usiku anapokufa Catherine, Heathcliff yu nje bustanini. Nelly anamkuta alfajiri ameegemea mti, nywele zimelowa umande, naye amekwisha kujua kabla hajaambiwa. Ndani ya nyumba mume halali anakesha kando ya jeneza. Heathcliff anakesha nje. Si mume, si ndugu, wala si rafiki anayekubalika nyumbani hapo. Hana mkeka wa kukalia. Baadaye, Edgar anapokwenda kupumzika kwa uchovu, Nelly anaacha dirisha wazi, na Heathcliff anaingia kwa siri. Akitoka, Nelly anagundua kwamba katika kidani alichovikwa marehemu nywele za mume zimeondolewa na nywele nyeusi za Heathcliff zimewekwa badala yake. Mtumishi huyo anaziokota zile zilizotupwa, anazisokota zote pamoja, anazifungia ndani. Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Nelly ndiye mtu pekee katika kitabu kizima aliyejaribu kumpa mtu huyu nafasi msibani, naye alifanya hivyo kwa siri, na mwenyewe hakupata kujua.

Methali yetu husema kilio huanza mfiwa. Sikuwahi kujiuliza ni nani anayetangaza kwamba huyu ni mfiwa na yule siye. Kwa mila zetu ukoo ndio unaotangaza. Lakini kuna watu ambao ukoo hauwatangazi: mchumba ambaye mahari yake haijalipwa, mwanamke aliyekaa na mtu miaka kumi bila ndoa, mkimbizi aliyemzika mwenzake njiani kwa haraka, na Hajati, ambaye hana tarehe. Katika madarasa yetu hivi sasa wamo watoto waliovuka kutoka Sudan Kusini tangu 2013 na hasa 2016, mwaka ilipofunguliwa kambi ya Bidi Bidi huko Yumbe. Wamo na Wakongo wa Lobule hapo Koboko. Wengine wao tunawaambia "pole" bila kujua kama wamefiwa au wametengana tu na watu wao, na wenyewe hawajui.

Nikaanza kuona kwamba kitabu hakisemi yale yanayosemwa juu yake. Mimi nilisikitishwa na sifa za kitabu, nikaziadhibu kurasa zake. Ni kosa la kawaida la msomaji, na kwa mwalimu ni kosa kubwa zaidi kwa sababu wanafunzi hurithi hukumu zake. Vivyo hivyo watu humfanyia Euphrase Kezilahabi: husema Rosa Mistika ya mwaka 1971 ni kitabu cha zinaa, na hawasemi kwamba kifo cha Rosa hakiishii kwa Rosa bali kinamwangukia mama yake pale pale, na kwamba mwandishi ameuuliza ukoo mzima swali. Hata Lak Tar ya jirani yetu Okot p'Bitek, iliyotoka kwa Kiacholi mwaka 1953, watu huisoma kama kisa cha kuchekesha cha kijana Okeca anayetafuta mahari huko Kampala. Wanasahau kwamba ni kisa cha mtu anayependa na kukosa, akarudi nyumbani mikono mitupu, naye hafukui kaburi la mtu.

Hata hivyo sikuiondoa hoja yangu yote. Mtu aweza kunyimwa mkeka wa msibani, na kunyimwa huko kukawa dhuluma. Lakini Hareton hakumnyima mkeka. Alipokufa Catherine, Hareton alikuwa mtoto mdogo. Nilimwandikia Hajati hivyo katika barua, nikimweleza kwamba naikubali hesabu yake juu ya mipaka, ila sioni namna ya kumsamehe mtu anayemzuia mtoto kujua herufi kwa sababu ya msiba ambao mtoto hakuuleta. Jawabu lake lilikuwa fupi. Aliandika kwamba hakuniomba nimsamehe. Aliniomba nisimtumie Heathcliff kuwanyamazisha wajane. Akaongeza kwamba mwaka ule wa tatu, alipoambiwa ana wazimu, alikuwa akifundisha darasa la watoto tisini chini ya turubai, bila daftari, wakiandika mchangani.

Nimelifundisha jambo hili mara mbili katika darasa la juu, si kwa kuwapa wanafunzi riwaya yenyewe, maana ni ndefu na Kiingereza chake kigumu, bali kwa kuwasimulia kisa kwa Kiswahili na kuwataka wajadili. Mara zote mbili wavulana walimtetea Heathcliff zaidi kuliko wasichana, jambo ambalo sikulitazamia. Msichana mmoja aliuliza kwa nini Catherine mwenyewe hatuelezwi sana anachokitaka baada ya kifo, ilhali kila mtu anadai kumjua. Nilimwambia kwamba katika kitabu kivuli chake kinabisha dirishani katika ndoto ya Lockwood, kikiomba kuingizwa ndani. Akasema, "Basi hakuna aliyemfungulia." Sikuwa nimekisoma hivyo.

Kuhusu mwisho wa kitabu bado hatujakubaliana, mimi na Hajati. Mwishoni binti wa Catherine, ambaye kwanza alikuwa akimcheka Hareton kwa ujinga wake, anaketi naye mezani na kumfundisha kusoma, neno kwa neno, akimchapa shavuni kwa mzaha akikosea na kumbusu akipatia. Heathcliff anawaona, na ile nia yake ya kuwaangamiza inamtoka. Anaacha kula, anakufa. Mimi huona kwamba hapo ndipo matanga yalipoanuliwa, kwa mkono wa mwalimu, nami hupenda kulisoma fungu hilo kwa sauti. Hajati hunikatiza. Yeye huniambia nisiishie hapo, nifungue ukurasa wa maiti. Heathcliff amelala amekufa, mtumishi mzee anasema shetani amechukua chake, na mtu mmoja tu ameketi kando ya maiti usiku kucha akilia kwa machozi ya kweli, ameushika mkono wake, anaubusu ule uso ambao wengine wote wanaogopa kuutazama. Ni Hareton. Yule aliyedhulumiwa kuliko wote ndiye mfiwa.

Mimi humwambia kwamba kijana huyo alikuwa hajui alichonyimwa. Hajati husema alikwisha kujua, kwa kuwa wakati huo alikuwa anajua kusoma. Kitabu changu bado kiko kwake, Koboko. Ameandika kwa penseli pembeni ya ukurasa huo, na hataki kuniambia ameandika nini mpaka niende.